Mtihani wa Kiingereza kwa Masomo na Kazi Nje ya Nchi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Ada

KIJITABU CHA ELIMU KWA UMMA

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha kijana aliyepata barua ya udahili yenye masharti kutoka chuo cha nje. Ni cha muuguzi anayetaka kufanya kazi Uingereza. Ni cha mzazi pia, kwa sababu mara nyingi ndiye anayetoa ada, na ana haki ya kujua inalipia nini.

Swali la kwanza tunaloulizwa ni hili: "Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Kwa nini nipimwe tena?" Jibu ni kwamba Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawatakiwi kuthibitisha Kiingereza chao. Kusoma kwa Kiingereza kunaweza kukusaidia, lakini lazima uwe na ushahidi unaokubalika.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Uingereza. Baadaye mwaka huohuo, Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Hawa ni watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza na kuandika taarifa za wagonjwa kwa lugha hiyo kila siku. Tukio hilo lituzindue. Kiingereza cha wodini au cha darasani hakitoshi peke yake. Mtihani huu una umbo lake, saa yake na kanuni zake za kutoa alama, na anayeingia bila kuzijua anaweza kuanguka hata kama lugha anaiweza.

1. Anza na taasisi unayoiomba

Wengi hulipia mtihani kwanza, kisha ndipo huuliza kama unakubalika. Kuuliza si ujinga, na barua pepe moja kwa ofisi ya udahili au kwa mwajiri inaweza kukuokolea pesa nyingi. Uliza mambo haya:

• Mnapokea mtihani upi, na wa aina gani?
• Mnataka alama ngapi kwa jumla, na si chini ya ngapi katika kila sehemu?
• Matokeo yawe ya tangu lini? Kwa kawaida hutumika miaka 2.
• Je, mnapokea barua ya chuo changu inayothibitisha kwamba nilifundishwa kwa Kiingereza?

Swali la mwisho usiliruke. Vyuo kadhaa hupokea barua hiyo, na mwenye nayo huenda asihitaji mtihani kabisa. Lakini chuo na viza ni milango miwili. Mmoja ukifunguka, uliza pia masharti ya mwingine.

2. Mitihani inayojulikana zaidi

IELTS ilianza mwaka 1989. Inaendeshwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge, na hufanyika Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko. IELTS Academic ni ya wanaokwenda chuo kikuu na ya taaluma kadhaa. IELTS General Training hutumika zaidi kwa kazi na uhamiaji. Kwa baadhi ya viza za Uingereza hutakiwa toleo la IELTS for UKVI. Maswali ni yaleyale, ila usimamizi ni wa masharti ya serikali ya huko, na ukifanya toleo la kawaida hupewi nafasi ya kulibadilisha baadaye.

TOEFL ni ya shirika la ETS la Marekani, na ilianza mwaka 1964. PTE Academic ni ya kampuni ya Pearson, na hufanyika yote kwenye kompyuta, hata sehemu ya kuzungumza. Duolingo English Test hufanyika nyumbani na vyuo vingi huipokea, lakini haimo katika orodha ya serikali ya Uingereza ya mitihani inayokubalika kwa viza.

OET ni ya taaluma 12 za afya, ukiwamo uuguzi. Badala ya insha ya kawaida, muuguzi hupewa maelezo ya mgonjwa na kuandika barua, kwa mfano ya kumhamishia kwa mhudumu mwingine. Baraza la wauguzi la Uingereza hupokea OET na IELTS Academic. Kwa IELTS hutaka 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika.

Kuanzia hapa tutaeleza IELTS, kwa kuwa ndiyo wengi wetu huikuta mbele yao.

3. Sehemu nne, dakika zilizohesabiwa

Kusikiliza: maswali 40 kwa takriban dakika 30. Sauti husikika mara moja tu, hairudiwi.

Kusoma: maswali 40 kwa dakika 60. Hakuna muda wa ziada wa kuhamisha majibu.

Kuandika: kazi 2 kwa dakika 60. Ya kwanza isipungue maneno 150, ya pili isipungue 250. Ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo iwekee dakika 40.

Kuzungumza: dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini.

Alama hutolewa kuanzia 0 hadi 9, kwa nusu nusu. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama, basi usiache pengo hata moja.

Soma maelekezo ya kila swali. Likisema usizidishe maneno mawili, nawe ukaandika matatu, umekosa hata kama wazo ni sahihi. Na katika maswali ya kweli, si kweli na haikutajwa, wengi huteleza kwa kujibu kwa maarifa yao. Makala ikisema bandari ilijengwa upya, bila kutaja gharama, na swali likasema ujenzi uligharimu pesa nyingi, jibu ni haikutajwa. Wewe unajua kujenga bandari ni ghali. Makala haikusema.

4. Mahali Kiswahili chetu kinapotutega

Kiswahili si kikwazo. Anayemudu lugha mbili ana hazina. Lakini lugha ya kwanza ina mazoea yake, na ukiyajua mapema utayadhibiti.

Sikio. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, ndiyo maana sikio letu huipuuza konsonanti ya mwisho wa neno la Kiingereza. Msemaji anasema "books", mtahiniwa anaandika "book", na alama imekwenda. Tena sisi tuna irabu tano tu, hivyo "live" na "leave" hutufikia kama neno moja. Vivyo hivyo "fifteen" na "fifty", yaani 15 na 50. Zifanyie mazoezi hizi hasa.

Saa. Ukisikia "half past two", kichwa kinachohesabu saa kwa Kiswahili hutafsiri kuwa saa nane na nusu. Usitafsiri. Andika 2.30 kama ulivyosikia.

Kuandika. Kitabu kwetu ni kitabu, kiwe kinajulikana au la. Kiingereza hudai "a book" au "the book". Mtu anayeandika "Government should build school" ameeleweka, lakini makosa ya namna hiyo yakijaa ukurasa mzima, alama ya sarufi inashuka. Alipaswa kuandika "The government should build schools". Ukimaliza kuandika, tenga dakika 3 za kupitia jambo hili peke yake.

Insha. Shuleni wengi tulifundishwa kufungua insha kwa methali na maneno ya kupamba. Hapa msahihishaji anatafuta mambo mengine: je, umejibu swali lote, msimamo wako uko wazi, kila aya ina hoja moja yenye mfano? Insha ya kukariri hutambulika, na humshusha aliyeiandika.

Kuzungumza. "Yeye" ni mwanamume na ni mwanamke, ndiyo maana ulimi huteleza na kusema "my mother, he is a teacher". Lipo na jambo la malezi. Tumelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi na adabu, macho chini. Mbele ya mtahini, ufupi huo unakunyima alama, kwa sababu hawezi kupima lugha ambayo hujaitoa. Akikuuliza kama unapenda mtaa unaoishi, usiishie kwenye ndiyo. Sema unapenda nini, tangu lini, na ungependa nini kibadilike. Katika sehemu ya pili utapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa, kisha uzungumze hadi dakika 2. Andika maneno manne au matano ya kukuongoza, usiandike sentensi.

Wala usiige lafudhi ya Waingereza. Hupimwi ufanano na mtu wa London. Unapimwa kama unaeleweka bila msikilizaji kutaabika.

5. Alama ya jumla isikudanganye

Chukua mtahiniwa aliyepata 7.0 kusikiliza, 6.5 kusoma, 5.5 kuandika na 7.0 kuzungumza. Jumla ni 26. Gawanya kwa 4, unapata 6.5. Chuo kinataka 6.5. Familia inashangilia. Lakini barua ya udahili ilisema pia kwamba sehemu yoyote isiwe chini ya 6.0. Nafasi imekwama kwa nusu alama ya kuandika.

Kwa hiyo yaelekeze maandalizi kwenye sehemu yako dhaifu. Wengi hupenda kufanyia mazoezi kile wanachokiweza, kwa kuwa kinawapa moyo. Alama zao zinangoja upande wa pili.

6. Maandalizi ya wiki nane

Wiki ya 1: fanya jaribio zima kwa saa, peke yako. Sampuli za bure zipo kwenye tovuti rasmi za wenye mtihani. Pima ulipo na unapotakiwa kufika. Pengo likiwa kubwa, ahirisha mtihani, ujifunze lugha yenyewe kwanza.

Wiki ya 2 hadi ya 6: kila siku sikiliza redio au mazungumzo ya Kiingereza kwa nusu saa, ukiandika namba na majina unayoyasikia. Soma makala moja ndefu. Andika insha mbili kwa wiki na umpe mwalimu azisahihishe. Insha isiyosahihishwa hukuzoesha makosa yako. Jirekodi kwa simu ukizungumza dakika 2, kisha ujisikilize.

Wiki ya 7 na ya 8: majaribio kamili kwa muda uleule wa mtihani. Kama utatumia kompyuta, fanyia mazoezi kicharazio. Asiyezoea kuchapa hupoteza dakika akitafuta herufi.

Mwenye ulemavu ana haki ya kuomba mipango maalumu, kama muda wa ziada au karatasi ya breli. Kiarifu kituo mapema, na kwa matoleo maalumu ya mtihani fanya hivyo miezi 3 kabla.

7. Siku yenyewe

Jina la kujisajilia liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti cha shule chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili vimewasumbua wengi. Rekebisha kabla ya kujisajili. Nenda na pasipoti ileile uliyojisajilia, na uhakikishe haijaisha muda.

Saa ya barua ya mwaliko ni ya Kizungu: 09:00 ni saa tatu asubuhi. Anayechelewa haruhusiwi kuingia, na ada haimrudii. Kama unatoka mkoani, fika mjini siku moja kabla. Simu na saa ya mkononi hubaki nje ya chumba.

8. Jihadhari na wauza vyeti

Utakutana na watu mitandaoni wanaouza "cheti bila mtihani" au "maswali yaliyovuja". Chuo na ubalozi hukagua matokeo moja kwa moja kwenye mfumo wa wenye mtihani, hivyo karatasi peke yake haina kazi. Mwombaji wa viza ya Uingereza akibainika kutumia nyaraka za uongo, anaweza kukataliwa kuingia nchini humo kwa miaka 10. Mwaka 2014, baada ya kufichuliwa kwa watu waliokuwa wakifanyiwa mitihani na wengine huko Uingereza, maelfu ya wanafunzi walifutiwa viza, na wapo waliopambana kwa miaka mingi kuthibitisha kwamba wao hawakudanganya. Udanganyifu wa wachache huchafua njia ya wote.

Lipia kwenye tovuti rasmi au kwenye kituo chenyewe. Usimpe dalali pasipoti yako wala nywila yako.

9. Baada ya matokeo

Ukiona alama haikutendei haki, una wiki 6 tangu siku ya mtihani za kuomba isahihishwe upya. Kuna ada, nayo hurudishwa alama ikibadilika. Baadhi ya vituo vya kompyuta huruhusu kurudia sehemu moja tu. Kabla ya kulipa, uliza kama taasisi yako inapokea matokeo ya namna hiyo.

Na kama hukufika, hujapungua utu wala usomi. Muuguzi aliyekosa nusu alama ya kuandika bado ndiye aliyemtuliza mgonjwa usiku wa jana, na pengo lake lina jina: aya, "a" na "the", muda. Chukua karatasi ya matokeo, izungushie duara sehemu iliyo chini, kisha anzia hapo kesho asubuhi.