Nefesh: pale ambapo «nafsi» haitoshi

Neno nefesh linapatikana zaidi ya mara 700 katika Biblia ya Kiebrania. Mwanafunzi akilikuta mara ya kwanza huandika pembeni «nafsi», halafu anasonga mbele. Ana sababu: nefesh na nafs ya Kiarabu, iliyotupatia nafsi, ni maneno ya shina moja. Lakini undugu wa maneno hauhakikishi umoja wa maana.

Tuanze na mwili. Katika Isaya 5:14 Kuzimu inapanua nefesh yake, na sehemu ya pili ya mstari inataja kinywa. Kinachopanuliwa hapo ni koo. Ni vivyo hivyo mwanzoni mwa Zaburi ya 69, ambapo maji yamemfikia mwombaji kwenye nefesh: mtu anazama, maji yako kooni. Tukiweka nafsi, hatari ya kufa maji inageuka kuwa huzuni ya moyoni. Na Kiswahili si mgeni wa njia hii, maana aliyekabwa roho ameshikwa koo.

Kutoka kooni tunafika kwenye pumzi, kisha uhai, kisha yule mwenye uhai. Mwanzo 2:7 haisemi kwamba mtu alipewa nefesh. Alikuwa nefesh hai, jina ambalo sura ya kwanza inawapa hata viumbe wa majini na wanyama wa nchi kavu. Jamaa ya Yakobo iliyoingia Misri inahesabiwa kuwa nefesh 70 (Mwanzo 46:27). Tena Hesabu 6:6 inamkataza mnadhiri kukaribia nefesh iliyokufa, yaani maiti. Anayeshikilia kwamba nefesh ni roho isiyokufa afanye nini na mstari huu? Wazo la roho inayokaa mwilini kama mpangaji tumelipata zaidi kupitia Kigiriki: wafasiri wa Septuaginta waliweka psukhe, neno lililokwisha kubeba mafundisho ya Plato. Âme ya Kifaransa, ambayo wengi wetu tunaisoma kwanza, inaelekea huko huko.

Roho tuiachie ruah, ndugu yake halisi. Kwa maana ya «mtu», sarufi yetu imehifadhi nafsi vizuri: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nafshi, «nefesh yangu», mara nyingi ni «mimi mwenyewe» tu.

Kuna pia kitenzi, ambacho kinasahauliwa sana. Kutoka 23:12 inaweka Sabato ili ng'ombe na punda watulie, na mtoto wa mjakazi pamoja na mgeni wapate yinnafesh, yaani wavute pumzi. Kiswahili kina jibu tayari, kwa kuwa kupumzika na pumzi ni wa ukoo mmoja. Katika Kutoka 31:17 kitenzi hicho kinasemwa juu ya Mungu mwenyewe, baada ya siku sita za kazi. Huenda mfasiri akasita hapo. Mimi ningeandika kwamba alivuta pumzi.