Njaa Isiyoonekana kwa Macho: Uzito na Lishe ya Wanawake wa Karagwe na Kyerwa

Tuchukue mfano, wa kufundishia tu, wa mawifi wawili wanaoishi katika kibanja kimoja karibu na Nkwenda, wilayani Kyerwa. Kila mmoja ana urefu wa mita 1.56. Wa kwanza ana kilo 44, wa pili kilo 74. Wakifika kituoni pamoja, ni rahisi mtoa huduma kumwonea huruma huyu mwembamba na kumsifu mwenzake kwa afya njema. Damu yao ikipimwa, wote wawili wana gramu 10 za himoglobini kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hupaswa kuwa na gramu 12 au zaidi.

Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wa kwanza anapata 18.1, chini ya 18.5, yaani uzito pungufu. Wa pili anapata 30.4. Kuanzia 25 huitwa uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa, kati ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 10 walikuwa na uzito pungufu, asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Msomaji atauliza: njaa inatoka wapi katika nchi ya migomba? Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na zote mbili hula ndizi na maharage, huku kahawa ikileta fedha. Ndizi hushibisha, lakini sehemu yake kubwa ni maji na wanga; madini ya chuma ni kidogo, na protini ni haba zaidi. Maharage husaidia, ingawa mwili hunyonya sehemu ndogo tu ya chuma chake. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, familia zilizopoteza migomba zimelazimika kujazia sufuria kwa muhogo na mahindi. Tumbo hujaa, mwili hubaki na njaa. Mwenye kazi nyingi za jembe na kuni, anayekula mwisho baada ya kuwapakulia wengine, hukonda. Mwenye kazi nyepesi, anayeongeza mafuta, maandazi na soda, hunenepa. Upungufu wao ni ule ule.

Kuna jambo jingine ambalo mtaalamu mgeni hulisahau. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Wazee wa leo walizika ndugu waliokonda hadi kubaki mifupa. Mama aliyeyaona hayo, ukimwambia “punguza uzito”, anasikia “jiandae kusemwa”. Kumbeza si ujuzi. Ni heri kuzungumza naye kwanza kuhusu shinikizo la damu, kisukari na magoti yanayouma, na kumpima mbele yake, kabla ya kuutaja unene.

Kipimo kimoja cha chakula hakihitaji mashine. Muulize mama alikula nini tangu jana asubuhi, kisha hesabu makundi kati ya kumi: nafaka, ndizi na mizizi; kunde; karanga na mbegu; maziwa; nyama na samaki; mayai; mboga za kijani kibichi; matunda na mboga zenye vitamini A; mboga nyingine; na matunda mengine. Idadi inayotakiwa ni angalau tano. Ndizi na maharage ni mawili tu. Mchicha au mnavu wa nyuma ya nyumba huongeza la tatu, parachichi la nne, na dagaa la tano. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga husaidia chuma kunyonywa. Chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo zinywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. (Najua ninaishauri nchi ya kahawa.) Hata hivyo, upungufu wa damu hausababishwi na chakula peke yake: malaria, minyoo na hedhi nzito navyo vichunguzwe.

Kwa mjamzito, uwiano wa uzito na urefu haufai, kwa kuwa mimba huongeza kilo. Tumia utepe wa kupima mzingo wa mkono, fuatilia ongezeko la uzito kila hudhurio, na umpatie vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Wifi mwembamba akishika mimba yumo katika hatari ya kujifungua mtoto aliye chini ya kilo 2.5, yule mnene yumo katika hatari ya kifafa cha mimba, kisukari cha ujauzito na mtoto mkubwa anayekwama njiani. Wote wawili wapimwe damu katika hudhurio la kwanza, hata yule ambaye mashavu yake yanang’aa.