Kabla Mwalimu Hajapanda Ndege ya Japani

Walimu wanaojiandaa kwa ziara za kubadilishana utamaduni wameandika mengi. Walioulizia namna ya kuinama wakati wa kusalimiana nimewaweka kando: inama kidogo, yatosha. Nimechagua yanayonikera na yanayonitia wasiwasi.

Swali: Ni kweli watoto wa Japani hawafanyi mtihani wowote mpaka darasa la nne, wanafundishwa adabu tu?

Si kweli, na nimechoka kuisikia. Habari hii inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu ambao hawajawahi kufungua daftari la mtoto wa Kijapani. Mtoto wa darasa la kwanza anapaswa kujifunza herufi 80 za kanji, mbali na hiragana na katakana. Akimaliza la sita awe amefikisha 1,026. Nani atayajua hayo bila kupimwa? Majaribio mafupi ya kanji na hesabu huanza darasa la kwanza, na darasa la sita kuna upimaji wa kitaifa. Somo la maadili, dotoku, lipo, lakini ni kama kipindi kimoja kwa wiki. Adabu yenyewe inajengwa kwa kazi. Nenda darasani saa ya chakula: watoto wa zamu, wamevaa aproni na kofia nyeupe, wanawapakulia wenzao mchuzi kwa upawa, na hakuna anayeonja mpaka wote wapate. Mwalimu anakula chakula hichohicho, humohumo darasani. Kwa hiyo anayekuambia tufute majaribio “kama Japani,” mwulize ni Japani ipi.

Swali: Na kweli wanafunzi wanasafisha shule wenyewe?

Wako nao wanafagia kila asubuhi, Mwalimu. Tuendelee.

Swali: Tumepanga kwenda katikati ya Agosti, wakati wa likizo yetu. Ni sawa?

Mtatembelea majengo. Shule nyingi huko zimefungwa wakati huo. Mwaka wao wa masomo huanza Aprili. Ombeni Juni au Oktoba.

Swali: Wakala anasema nikimwongezea kidogo, viza haikosi.

Huyo ni tapeli. Barua ya mwaliko inatoka kwa mwenyeji wako, na uamuzi ni wa ubalozi.

Swali: Nibebe zawadi gani? Na dawa zangu je? (Barua kadhaa, nazijibu pamoja.)

Nyama kavu, soseji, sambusa za nyama na maembe mabichi: acha nyumbani, hata kama shangazi amekufungia vizuri. Karantini ya uwanja wa ndege haina huruma. Khanga, kahawa iliyokaangwa na vitabu vya watoto vinapokewa kwa furaha.

Dawa ndizo zinazonikosesha usingizi. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, na ikizidi asilimia 10 ni marufuku kuingia nazo. Za kikohozi zenye kodeini nazo zina masharti. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Dawa ulizoandikiwa na daktari zisizidi za mwezi mmoja, ziwe kwenye pakiti zake, pamoja na cheti. Mitishamba ya unga usio na jina, uliyouziwa sokoni “kwa ajili ya hali ya hewa,” usithubutu.

Swali: Mimi ni Mwislamu. Inatosha kusema sili nguruwe?

Haitoshi. Supu inaweza kuwa imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na mirin inayotiwa kwenye vyakula vingi ina kileo. Mwandikie mwenyeji kabla hujaondoka, ukitaja kitu kimoja kimoja. Hataudhika, kitakachomuudhi ni wewe kusukuma sahani mezani.

Swali: Nisikose kuona nini?

Jugyo kenkyu. Mwalimu anafundisha, wenzake wakiwa wamesimama pembeni na karatasi, wanaandika watoto wanasema nini na wanakwama wapi. Baadaye wanakaa wanalichambua somo hilo, wala hawamsengenyi mwalimu. Watu wengi hupiga picha za darasa na kuondoka kabla ya kikao hicho. Omba ukae mpaka kiishe, na uwe na mkalimani.

Na andaa somo lako moja la kufundisha huko. Huwezi kubadilishana mikono mitupu.