Kabla Hujamkabidhi Mtu Rimoti: Kuchagua, Kufunga na Kutumia TV Boksi Nyumbani

TV nyingi nzima zimewekwa pembeni siku hizi bila kosa lolote. Picha ipo, sauti ipo, ila ni flati ya zamani isiyoijua intaneti, au ni smati ambayo programu zake zimepitwa na wakati mpaka YouTube inagoma kufunguka. Kabla hujaanza kudunduliza pesa ya TV mpya, fahamu kwamba kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinaweza kuirudisha kazini. Wapo wanaokiita TV boksi, wapo wanaosema Android boksi, na kile chembamba cha kujificha nyuma ya TV wanakiita stiki. Kazi yake ni kuvuta video kutoka mtandaoni na kuzipeleka kwenye skrini uliyonayo.

Bei ya kifaa chenyewe ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Kinachomaliza pesa ya nyumba ni bando, na kinachoiweka nyumba hatarini ni kifaa kisicho halali. Yote mawili yanazuilika mapema: la kifaa ukiwa dukani, la bando ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya kukiwasha.

Anzia nyuma ya TV

Igeuze TV uangalie matundu yake. Unalitafuta lile bapa lililoandikwa HDMI. Kama lipo moja tu na tayari king'amuzi kimelikalia, usizoee kuchomoa na kuchomeka kila jioni, kwa sababu tundu litalegea. Nunua swichi ya HDMI, yaani kidude cha kuunganisha vifaa viwili au vitatu kwenye tundu moja.

TV ya chogo, au flati yenye matundu ya nyekundu, nyeupe na njano peke yake, inahitaji kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV. Mtajie muuzaji mwelekeo huo waziwazi, maana kipo pia cha kutoka AV kwenda HDMI na kwa sura vinafanana sana. Ukibeba kisicho chako, hutapata picha hata ukihangaika usiku kucha.

Kipi cha kununua

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, njia isiyo na usumbufu ni kifaa kinachotumia mfumo wa Android TV au Google TV kutoka kwa kampuni inayojulikana. Xiaomi, kwa mfano, ina stiki na boksi za aina hii. Google nayo iliacha kutengeneza Chromecast mwaka 2024 na kuleta Google TV Streamer mahali pake. Fire TV Stick ya Amazon hufanya kazi vizuri, lakini programu utakazoziona dukani mwake hutegemea nchi ambayo akaunti yako imesajiliwa. Roku ni maarufu sana Marekani na huuzwa rasmi katika nchi chache, za kwetu hazimo. Kwa hiyo ndugu yako aliye Marekani akiuliza akuletee kipi, mwambie cha Google TV. Kikifika, kabla hujakichomeka ukutani, soma maandishi madogo kwenye chaja yake. Ikiwa imeandikwa INPUT 100–240V, itauweza umeme wetu. Ikiishia 120V, usithubutu. Tafuta chaja nyingine.

Angalia pia RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu. GB 1 inatosha kwa shida, na baada ya muda rimoti utaibonyeza ukasubiri. GB 2 ni afadhali zaidi. Kuhusu picha kali ya 4K, kama TV yako ni ya inchi 32 na si ya 4K, hutaona tofauti yoyote kwenye picha. Sababu ya maana ya kulipia zaidi hapo ni kwamba kifaa cha 4K mara nyingi kina nguvu zaidi ya kuendesha programu.

Ukinunua kilichotumika, uliza kilitoka mwaka gani. Chromecast ya kwanza iliingia sokoni 2013 na Google ikaacha kuipa masasisho 2023. Kifaa kisichosasishwa huanza kukataliwa na programu moja moja, na matundu yake ya kiusalama hayazibwi tena.

Jambo la mwisho dukani: hakikisha programu unazozihitaji zina toleo la TV. Kuwepo kwa programu ya mpira kwenye simu hakumaanishi kwamba ipo kwenye duka la programu la TV. Muombe muuzaji akuwashie kifaa, afungue duka hilo na azitafute mbele yako.

Boksi la chaneli zote bure

Ukipita Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi utakutana na boksi zinazoahidi chaneli za dunia nzima, mpira wote na sinema zote, bure na milele. Tafadhali zipite. Nyingi hazina kibali cha Google. Zinatumia Android ya kawaida ya simu iliyovalishwa sura ya TV, na ndani yake watu wasiojulikana huwa wameweka chochote wanachotaka.

Hili limeshathibitishwa. Mwezi Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, uliokuwa umevamia mamilioni ya vifaa vya nyumbani, TV boksi zikiwa miongoni mwao. Baadhi zilikuwa na programu hasidi kabla hata mnunuzi hajazifungua. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi mahakamani dhidi ya wanaouendesha, ikisema vifaa vilivyovamiwa vimezidi milioni 10. Boksi la namna hiyo huwapa wahalifu njia ya kupitia intaneti yako wanapofanya uhalifu wao, bando linakatika, na anwani inayoonekana mtandaoni ni ya nyumba yako.

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Muuzaji anakutaka uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hasidi, ili programu zake ziingie. Duka la programu ni la jina usilolijua. Linauzwa kama Android boksi, ila skrini ya kuanzia haionyeshi Android TV wala Google TV. Boksi limeandikwa 8K na uwezo mkubwa wa kutunza vitu, kwa bei isiyolingana na sifa hizo. Hata kwa starehe utapunjwa: Netflix haitoi picha ya HD kwa kifaa kisichoidhinishwa, hata ukilipia kifurushi cha juu kabisa.

Kukifunga vizuri

Kosa linaloziudhi nyumba nyingi ni la umeme. Stiki huja na waya wa USB, na nyuma ya TV lipo tundu la USB, basi mtu anavikutanisha. Matundu mengi ya TV hutoa nusu ampea tu, ilhali stiki nyingi huhitaji ampea 1. Matokeo yake inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inaanza upya, au inajizima katikati ya mechi, na fundi anaitwa kwa kifaa kisicho na ubovu. Tumia chaja iliyokuja nayo, uichomeke ukutani kupitia TV gadi ile ile inayolinda TV. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, pawa benki nzuri inaweza kuihudumia stiki, kwa sababu inakula umeme kidogo sana.

Baada ya umeme ni Wi-Fi. Stiki iliyobanwa kati ya TV na ukuta husikia mawimbi kwa shida na hupata joto. Ule waya mfupi wa HDMI unaokuja ndani ya kasha umewekwa kwa sababu hiyo. Utumie uivute stiki ikae pembeni. Ruta ikiwa chumba hicho hicho, chagua masafa ya 5 GHz, maana yana kasi. Ikiwa chumba cha pili na kuna ukuta wa tofali kati yake, 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV yenyewe uwashe HDMI-CEC, huduma inayoiwezesha TV na kifaa kupeana amri kupitia HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, na Sony wanaiita Bravia Sync. Ikishawashwa, ukizima TV na stiki inajua kulala. Bila hiyo, mtu anazima TV aende kulala akidhani amemaliza, kumbe stiki yenye chaja yake inaendelea kucheza video gizani na bando linateketea. Kama TV yako haina huduma hiyo, fundisha nyumba nzima kubonyeza kitufe cha nyumbani kwenye rimoti, video isimame, ndipo TV izimwe.

Hesabu ya bando

Netflix wenyewe hueleza kwamba saa moja ya picha ya HD hula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Ukiweka kiwango cha kati, ni kama GB 0.7 kwa saa; cha chini ni GB 0.3. Sasa chukua familia inayotazama saa 3 kila siku. Kwa HD inaweza kufika GB 270 kwa mwezi. Kwa kiwango cha kati ni GB 63. Watu wale wale, tamthilia zile zile, na kwenye TV ya inchi 32 wengi hawataona upungufu wa kuwakera.

Kwa hiyo kama unategemea hotspoti ya simu, anza na kiwango cha chini au cha kati. Kama una faiba au intaneti ya nyumbani ya mwezi, angalia kasi: Netflix hushauri Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Ukiambiwa kifurushi hakina kikomo, uliza swali moja kabla ya kulipa: nikishatumia GB ngapi kasi inashushwa, na inashushwa hadi wapi?

Kubana matumizi

Fanya haya siku ya kwanza, kabla familia haijazoea.

Kwenye Netflix, ingia kwa simu au kompyuta kupitia tovuti yao, fungua akaunti, chagua wasifu, kisha mipangilio ya uchezaji, uweke kiwango cha data. Kila wasifu una mpangilio wake, hivyo rudia kwa wasifu wote.

Kwenye YouTube, video ikiwa inacheza, bonyeza alama ya gia uchague 480p. Zima pia kucheza kwenyewe kwa video inayofuata. Huku ndiko kunakokula bando wakati watu wamesinzia kwenye kochi.

Kwenye Play Store, zima masasisho ya kujiendesha. Usiyaache kabisa, maana yanaziba matundu ya usalama. Yafanye mwenyewe siku yenye bando la kutosha. Na kama mipangilio ya mtandao ya kifaa chako ina Data Saver, iwashe.

Jambo jingine ni kurusha video kutoka kwenye simu. Ukibonyeza alama ya Cast ndani ya YouTube, simu inatoa amri tu na kifaa kinajivutia video chenyewe kutoka mtandaoni. Unaweza kupokea simu au kuizima skrini, na video ikaendelea. Lakini ukionyesha skrini nzima ya simu kwenye TV, kila kitu kinapitia kwenye simu: betri inakwisha, picha inakwama, na ujumbe wako binafsi unasomwa na sebule nzima.

Kutazama bila bando

Boksi lenye tundu la USB lina faida ambayo stiki nyingi hazina. Weka programu ya VLC, ambayo ni ya bure, kisha chomeka flashi yenye video zako: harusi ya dada, mawaidha, masomo ya watoto, au sinema ulizonunua zikiwa faili. Video za harusi zilizokaa kwenye simu miaka yote zinaonekana vizuri zaidi kwenye skrini kubwa, na hazigusi bando hata kidogo.

Watoto na pesa

Mfungulie mtoto wasifu wake, na kwa walio wadogo tumia YouTube Kids, ambayo kwenye TV sasa hupatikana ndani ya programu ya YouTube. Weka PIN kwenye wasifu wa wakubwa na kwenye manunuzi yote; mtoto akibonyeza rimoti ovyo asije akanunua kitu.

Usiweke kadi ya akaunti ya mshahara. Kadi ya mtandaoni inayotokana na pochi ya simu, kama ile ya Visa ambayo Safaricom huitoa kupitia M-Pesa GlobalPay, inatosha. Ingiza pesa ya malipo ya mwezi husika peke yake. Ukijaribu huduma kwa muda wa bure, weka kikumbusho kwenye simu siku mbili kabla ya kukatwa.

Kikianza kusuasua

Kabla ya kumuita fundi, chomoa chaja, subiri dakika moja, urudishe. Kisha angalia nafasi ya kutunzia: kifaa cha GB 8 hujaa haraka, na kikijaa kinakuwa kizito. Ondoa programu zisizotumika na futa kashe ya zile kubwa. Ikishindikana, kirudishe kwenye hali ya kiwandani. Hatua hiyo ni ya lazima pia kabla ya kukiuza au kumpa mtu, la sivyo unamkabidhi barua pepe yako na malipo yako.

Baada ya wiki ya kwanza, kaeni pamoja mkaangalie takwimu za matumizi kwenye ruta au kwenye simu inayotoa hotspoti. Mkigundua bando linakatika kuliko mlivyopanga, shusheni kiwango cha picha hatua moja. Likibaki, pandisheni hatua moja kwa siku za mechi. Familia inayoijua hesabu yake kwa macho yake hugombana kidogo juu ya rimoti, na bando la mwezi linaufikia mwisho wa mwezi.