Tarakimu ya Mwisho: Kosa Ambalo Kompyuta ya Maktaba Huligundua, na Lile Isiloliona

Shule inapoamua kuhamisha orodha ya vitabu vyake kutoka katika kadi na madaftari hadi katika kompyuta, kazi kubwa huwa ni ya kuandika. Mwalimu msimamizi wa maktaba na wanafunzi wanaomsaidia hulazimika kupiga maelfu ya tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, kitabu huweza kuorodheshwa kwa jina la kitabu kingine. Kitabu kitakuwapo rafuni, lakini mwanafunzi akikiulizia, kompyuta itajibu kwamba hakipo. Kitabu cha namna hiyo kimepotea sawasawa na kilichoibwa, na huenda shule ikatoa fedha kununua kitabu ambacho tayari inacho.

Kuna kinga dhidi ya hasara hiyo, nayo imechapwa katika kitabu chenyewe. Ni tarakimu ya mwisho ya Namba ya Kimataifa ya Vitabu, ijulikanayo kwa herufi ISBN. Makala haya yanaeleza jinsi tarakimu hiyo inavyofanya kazi, na mahali ambapo kazi yake inakoma.

Asili ya namba hii

Katika miaka ya 1960 kampuni ya W. H. Smith ya Uingereza ilinuia kuendesha ghala lake la vitabu kwa kompyuta. Gordon Foster, mtaalamu wa takwimu, aliandaa mpango wa kukipa kila kitabu namba yenye tarakimu 9. Mwaka 1970 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliidhinisha namba ya tarakimu 10 itumike duniani. Tangu tarehe 1 Januari 2007 namba hiyo imekuwa na tarakimu 13, nayo huanza na 978 au 979.

Tarakimu zinazofuata huonyesha nchi au lugha, kisha mchapishaji, kisha kitabu chenyewe. Kwa mfano, 9976 na 9987 ni za Tanzania, na 9966 ni ya Kenya. Tarakimu ya mwisho haielezi jambo lolote juu ya kitabu. Hiyo ni tarakimu ya ukaguzi, yaani jawabu la hesabu iliyofanywa kwa kutumia tarakimu zote zilizoitangulia.

Hesabu yenyewe

Tuchukue namba hii, iliyoundwa kwa ajili ya zoezi tu: 978997610345, ambayo bado haina tarakimu ya ukaguzi. Kuanzia kushoto, tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, na kuendelea hivyo hivyo. Majawabu yote hujumlishwa:

9 + 21 + 8 + 27 + 9 + 21 + 6 + 3 + 0 + 9 + 4 + 15 = 132

Tarakimu ya ukaguzi ni ile inayohitajika ili jumla igawanyike kwa 10 bila kubakiza. Kutoka 132 hadi 140 pana 8. Hivyo basi namba kamili ni 9789976103458, na jumla yake ni 140.

Sasa, mathalani, mwandishi asome 1 kama 7, kosa ambalo hutokea mara nyingi katika hati za mkono. Tarakimu hiyo ni ya nane, na kizidishi chake ni 3. Mahali pa 3 patakuwa 21, na jumla itapanda hadi 158. Kwa kuwa 158 haigawanyiki kwa 10, programu iliyowekewa ukaguzi huu itaikataa namba hiyo mara moja. Kila kosa la tarakimu moja hugunduliwa kwa njia hii, kwa sababu tofauti iliyo kati ya 1 na 9, hata ikizidishwa kwa 3, haiwezi kugawanyika kwa 10.

Kosa linalopita

Kosa la pili linalotokea mara kwa mara ni kubadilishana kwa tarakimu mbili zilizo jirani. Mwandishi akipiga 43 mahali pa 34, jumla itakuwa 142, na kosa litaonekana. Lakini je, akipiga 16 mahali pa 61? Hapo mwanzo tarakimu hizo mbili zilitoa 6 + 3, yaani 9. Zikibadilishana hutoa 1 + 18, yaani 19. Jumla nzima inakuwa 150, nayo hugawanyika kwa 10 bila kubakiza. Kompyuta itaipokea namba hiyo yenye kosa bila kuonya.

Sababu yake ni rahisi. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana, jumla hubadilika kwa mara mbili ya tofauti yao. Tofauti ikiwa 5, badiliko ni 10, na 10 haiathiri mgawanyiko. Kwa hiyo jozi za 0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, na 4 na 9 hupita bila kutambuliwa.

Namba ya zamani ya tarakimu 10 haikuwa na udhaifu huo. Vizidishi vyake ni 10, 9, 8 na kuendelea hadi 1, na jumla lazima igawanyike kwa 11. Kwa kuwa 11 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, mabadilishano yote ya tarakimu mbili zisizo sawa hukamatwa. Gharama yake ilikuwa kwamba tarakimu ya ukaguzi huweza kuwa 10, na hapo huandikwa X, kama Warumi walivyoandika kumi. Namba yetu ya zoezi, kwa mtindo wa zamani, ni 997610345X. Mfumo mpya ulifuatwa ili namba ya kitabu ilingane na ile ya bidhaa nyingine madukani, ambayo husomwa kwa mwanga kutoka katika mistari myeusi iliyochapwa kwenye jalada. Faida ilipatikana, na sehemu ya kinga ikapungua.

Wajibu wa mtunza maktaba

Kutokana na maelezo haya, yafaa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Baada ya kuandika namba, linganisha jina la kitabu, mwandishi na toleo vinavyotokea kwenye kioo cha kompyuta na kitabu kilicho mkononi. Fanya hivyo hata pale maelezo yanapoletwa na intaneti. Hesabu huhakiki namba, lakini haihakiki kitabu.

2. Ukiandika orodha katika lahajedwali, agiza kwanza safu ya namba ichukuliwe kuwa maandishi. Usipofanya hivyo, sifuri ya mwanzo huondolewa, na namba ndefu huweza kufupishwa hata tarakimu za mwisho zikapotea.

3. Usigeuze namba ya zamani kwa kuongeza 978 tu. Tarakimu ya mwisho lazima ihesabiwe upya: katika mfano wetu X imekuwa 8.

4. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mpango huu kuanza, pamoja na vingi vya baadaye, havina namba hii. Usivitungie. Acha nafasi wazi, na uvitambue kwa namba ya usajili ya maktaba.

5. Namba iliyochapwa kitabuni ikikataliwa, huenda mchapaji ndiye aliyekosea. Usiibadilishe ili kuiridhisha mashine. Iandike ilivyo katika sehemu ya maelezo.

6. Weka nakala ya orodha nzima katika chombo kingine, mahali pengine. Usitupe kadi za zamani kabla ya kuhakiki orodha mpya.

Zoezi

Kila mwanafunzi achukue vitabu vitatu kutoka maktaba ya shule na kuhakiki namba zake kwa kalamu na karatasi. Kisha athibitishe kwa aljebra kwamba tarakimu mbili jirani, a na b, zikibadilishana, jumla hubadilika kwa 2(a − b), ikiwa ishara ya jawabu haizingatiwi. Mwisho aeleze kwa nini kizidishi 3 kinafaa, ilhali 5 kisingefaa.

Atakayelijibu swali hilo la mwisho atakuwa ameelewa kwamba mashine hukagua kile tu ilichofundishwa kukagua. Yaliyobaki hukaguliwa na mtu aliyekishika kitabu mkononi.