Plagi Mbili Mezani: Kuandaa Matangazo ya Mtandaoni Kuhusu Viwango vya Gridi

Kijitabu kwa vyuo, maktaba na vikundi vya wataalamu wa kompyuta

Jina lenyewe

Ukitamka "gridi" Dar es Salaam, msikilizaji anawaza gridi ya taifa na nguzo za umeme. Usimsahihishe. Ian Foster na Carl Kesselman, ambao kitabu chao cha 1998 kilieneza wazo la gridi ya kompyuta, walitazama umeme huohuo: mtu anachomeka kifaa ukutani bila kuuliza nishati imetoka bwawa gani. Walitaka nguvu ya kompyuta ipatikane vivyo hivyo. Mtafiti apeleke hesabu zake, zifanywe na mashine zilizo katika taasisi mbalimbali, na kila taasisi ibaki na mamlaka juu ya mashine zake.

Hapo mtangazaji aweke plagi mbili mbele ya kamera. Moja ina pini tatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda. Nyingine ina pini mbili za mviringo, kama za Bujumbura na Bukavu. Msafiri wa Bukavu akifika Dar na chaja yake, umeme upo na simu ipo, lakini havikutani mpaka atafute adapta. Dakika moja ya plagi hizo hufundisha umuhimu wa kiwango kimoja kuliko slaidi kumi. (Wapo wanaofungua tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Mwombe mtangazaji asilionyeshe hilo.)

Neno "kiwango" nalo lina mtego. Wengi husikia kiasi, kama kiwango cha joto. Sema mapema kwamba hapa ni makubaliano yaliyoandikwa, ambayo yeyote anayetengeneza programu anaweza kuyasoma na kuyafuata.

Fuata kazi moja safarini

Matangazo mengi ya aina hii hufa katika dakika ya tano, pale slaidi ya vifupisho inapotokea. Ushauri wetu ni kuviacha vifupisho vije vyenyewe, kila kimoja kwenye geti lake. Tuseme mtafiti wa mvua aliye Morogoro anataka hesabu zake zifanywe na mashine za taasisi tatu asizozijua.

Getini ataulizwa yeye ni nani. Kwa miaka mingi jibu la gridi limekuwa cheti cha kidijitali cha X.509, na Kiswahili kinatusaidia hapa, maana cheti kila mtu anakijua: kina aliyekitoa, kinaweza kughushiwa, na kuna ofisi zinazokikubali na zinazokikataa. Ndiyo sababu watoaji vyeti vya gridi waliungana mwaka 2005 katika IGTF, ili cheti cha nchi moja kiaminike nchi nyingine. Siku hizi gridi kubwa zinahamia kwenye tokeni za muda mfupi, lakini swali la getini ni lilelile.

Kisha aeleze kazi yenyewe: programu ipi, faili zipi, kumbukumbu kiasi gani. Lugha ya kuandikia maelezo hayo ni JSDL, ya 2005. Faili zake kubwa husafirishwa kwa GridFTP, inayoweza kuzigawa katika mikondo kadhaa iendayo sambamba. GLUE ni namna kituo kinavyojitambulisha kwa wengine, kina vichakataji vingapi na kinaweza kupokea kazi gani. Inatosha. Mwenye hamu atazikuta nyaraka za viwango hivi bure kwa Open Grid Forum, jumuiya iliyoundwa 2006 Global Grid Forum ilipoungana na Enterprise Grid Alliance.

Usifiche yaliyozikwa. Kiwango kilichoitwa OGSI kilitoka 2003, na mwaka uliofuata waasisi wake walikuwa tayari wanapendekeza kingine, WSRF. Walioijenga kazi yao juu ya cha kwanza walilazimika kuanza upya. Mtazamaji akisikia hivyo ataelewa kwa nini wataalamu hubishana miezi mingi juu ya ukurasa mmoja.

Mfano wa kweli wa gridi ni wa maabara ya fizikia ya CERN, karibu na Geneva. Data za mtambo wake wa kugonganisha chembe, LHC, huchakatwa na gridi yenye vituo takribani 170 katika nchi zaidi ya 40. Tarehe 4 Julai 2012 watafiti walitangaza huko kupatikana kwa chembe mpya, iliyotambuliwa baadaye kuwa Higgs, na semina ya tangazo hilo ilirushwa mubashara mtandaoni. Mwanafizikia Fabiola Gianotti alionyesha matokeo ya kazi ya miaka mingi kwa slaidi za Comic Sans, na mjadala wa mwandiko huo ulienea kama wa chembe yenyewe. Chagueni mwandiko wenu kwa uangalifu.

Bando na saa

Video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula takribani megabaiti 225 kwa saa moja. Sauti pekee ya kilobiti 64 haifiki megabaiti 30. Toeni njia zote mbili, na msemaji azoee kutaja kwa mdomo kilicho kwenye slaidi, asiseme tu "kama mnavyoona hapa".

Tangazo likiandikwa "saa 8 mchana", wa Tanga hana shida, lakini wa Lubumbashi yuko saa moja nyuma na wa Muscat saa moja mbele, na kuna atakayeisoma kama saa nane ya Kizungu. Andikeni pia 14:00, mtaje ni saa za wapi.

Picha huchelewa kumfikia mtazamaji, pengine nusu dakika. Msimamizi akiuliza "kuna swali?" kisha akafunga baada ya sekunde tano, amefunga kabla hajasikika. Maswali yapokewe tangu mwanzo, na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Muwe na laini ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti, na kompyuta ya kurushia iwe na betri iliyojaa.

Siku mbili kabla, fanyeni majaribio kamili. Mwombeni mhasibu au mlinzi wa jengo ayatazame kwa simu, mkimlipia bando, akiwa nje ya mtandao wa ofisi. Kila anapouliza "hiyo ni nini?", andikeni dakika iliyofika.