Mchoraji Asiyeona na Hori la Ng'ombe



Leo naanza na kosa langu. Majilio yaliyopita nilikuwa kwenye kigango kimoja huku Kahama, nikiwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Niliwagawia karatasi na rangi wachore pango la Noeli. Mmoja wao, wa miaka 12, haoni tangu kuzaliwa. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Wewe kaa hapa usikilize wenzako." Akakaa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nilidhani kuchora ni kazi ya macho tu. Kumbe sivyo. Yupo Eşref Armağan wa Uturuki, aliyezaliwa haoni mwaka 1953. Kwanza hukipapasa kitu mpaka akielewe. Kisha huchora mistari kwa kalamu ngumu ya nukta nundu, ili ibaki kama vijifereji ambavyo vidole vinaweza kuvifuata. Halafu hupaka kwa vidole, rangi moja kwanza, anasubiri ikauke, ndipo aweke nyingine. Hata mistari inayokaribiana kadiri inavyokwenda mbali anaichora. Watafiti walishangaa, wakampeleka Florence, Italia, akachora jengo la kale la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu.

Mwingine ni John Bramblitt wa Texas, Marekani, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 2001 kutokana na kifafa. Yeye huchora mistari iliyoinuka, na rangi zake huzichanganya ziwe na uzito tofauti, yaani nyeupe iwe nzito na nyeusi iwe telezi. Anaijua rangi kwa kuigusa.

Tunajifunza nini hapa?

Kwanza, kugusa nako ni kujua. Aristoteli alifundisha kwamba hakuna mnyama asiye na hisi ya kugusa, na kwamba binadamu anawazidi wote kwa hisi hiyo. Yesu naye hakuona haya kugusa. Kule Bethsaida alimwekea kipofu mikono mara mbili (Mk 8:22-25).

Pili, mikono peke yake haitoshi. Isaka alimpapasa Yakobo akadanganyika (Mwa 27). Armağan hawezi kuugusa ubuluu wa anga. Ameuliza watu, wakamwambia, akawaamini, na leo anapaka anga kwa neno la mashahidi. Si ndivyo tunavyoishi sisi? Hatujamwona Mfufuka. Tumewaamini waliomwona na kumgusa, na maisha yetu tunayapaka rangi kwa neno lao (Yn 20:29). Kwa hiyo mchoraji asiyeona si mtu wa kuhurumiwa tu. Ni mwalimu wetu wa imani.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba yule mtoto msamaha. Nikamchorea pango kwa gundi kwenye kipande cha boksi. Gundi ikikauka, mstari unainuka. Akapitisha vidole taratibu, akafika kwenye hori, akacheka.

"Frateri, hori lako lina kona kali. La nyumbani kwetu ng'ombe wamelilamba chumvi mpaka limekuwa laini. Huyu mtoto ataumia."

Nimesoma falsafa miaka mitatu, na sikuwahi kuliwaza hori lililolambwa. Nikampa gundi na boksi jipya. Alichora lake, kona zote za mviringo.

Maswali ya kutafakari:
1. Katika jumuiya yangu, nani ameambiwa "kaa hapa usikilize", labda na mimi mwenyewe?
2. Bartimayo aliulizwa na Yesu anataka nini (Mk 10:51). Je, mimi huwa nauliza, au naamua kwa niaba ya mwenzangu?

Tendo la wiki: mtafute mtu huyo, muulize, kisha umpe kazi ya kweli.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyelazwa horini, utuponye upofu wa kudhani tunaona. Amina.